Viti Tumevilipia

Nkuhungu, Dodoma
12 Januari 2025

Mdogo wangu Noeli,

Pokea salamu za mwaka mpya. Sisi huku tu wazima. Shemeji yako Alfonce mgongo bado unamsumbua, lakini randa haiachi. Jana nimemkuta karakanani amejilaza juu ya meza yake ya useremala, ati anaupa mgongo likizo. Kwetu Farkwa mvua zilichelewa, kisha zikaja kwa mkupuo zikasomba mbegu, na watu wanapanda upya. Msalimie wifi yangu Bupe na wanangu. Waambie shangazi yao amewawekea karanga.

Sasa niseme kilichonikalisha chini. Ningekupigia simu, lakini Krismasi kila nilipolikaribia swali langu ulisema mtandao unasumbua. Barua haina mtandao.

Wiki iliyopita nilikwenda Ukumbi wa Zabibu na jirani yangu Shakila, yule dada wa Kirangi mwenye saluni. Tangu nilipostaafu uuguzi tumekuwa tukitazama michezo pamoja. Kila Januari tunakwenda dirishani, tunachagua michezo yetu ya mwaka na viti vyetu vya pembeni, karibu na mlango, tunalipa, tunarudi nyumbani tumeshiba furaha. Safari hii tumekuta dirisha limepigiliwa mbao. Mlinzi akatuonyesha bango: tiketi ni kwa programu ya simu tu. Hakuna kununua mchezo mmoja mmoja, ni lazima ununue msimu mzima. Kiti huchagui, mashine inakuchagulia. Onyesho likiahirishwa hurudishiwi kitu. Mistari mitatu ya mbele ni ya wageni maalumu, na sisi tunaowafahamu wageni hao tunajua kwamba huwa hawaji.

Hayo ningeyameza. Lakini Shakila akasoma ratiba ya msimu kwenye simu yake, na mimi nikasimama pale juani nikimsikiliza. Wachekeshaji, wachekeshaji tena, maonyesho ya mavazi, shindano la washereheshaji wa harusi. Nikamwambia aendelee mpaka mwezi wa saba. Akasema mwezi wa saba yupo mchekeshaji. Nikamwambia asome tena taratibu. Akasoma tena taratibu, na mchekeshaji akawa yuleyule.

"Mama Aliyerudi" haumo, Noeli. Mchezo wa watu wa kwetu, ambao kila mwaka baada ya mavuno unajaza ukumbi ule mpaka watu wanakaa kwenye ngazi, umeondolewa bila mtu kumwambia mtu.

Wewe ndiye mkuu wa maonyesho katika kampuni inayoendesha ukumbi ule. Kwa hiyo nakuuliza swali moja tu, na jibu lake ni neno moja. Ni wewe uliyeuondoa?

Dada yako,
Klara


Tabata, Dar es Salaam
9 Februari 2025

Dada Klara,

Shikamoo. Barua yako imefika, nimeisoma, na Bupe ameisoma akacheka sana kwenye habari ya shemeji na meza. Mpe pole. Hapa kuna dawa nzuri ya kuchua, nitaituma kwa mtu wa kuaminika. Watoto wanasoma. Joto la mwezi huu usiseme, tunalala kama samaki waliotolewa majini.

Kuhusu tiketi, naelewa usumbufu wenu. Kila badiliko lina watu wake wa kulalamika mwanzoni. Dirisha lilikuwa linaleta foleni na ugomvi, na programu ya simu imerahisisha mambo mengi. Tiketi ya msimu inaiwezesha kampuni kupanga mapema. Kuhusu ratiba, uongozi uliangalia ripoti za mauzo ya miji yote, na wachekeshaji ndio wanaojaza kumbi. Si Dodoma peke yake, dada.

Usihangaike na simu. Ndani ya bahasha hii nimekuwekea tiketi tatu za msimu mzima, wewe, shemeji na Shakila, mstari wa pili, katikati. Hamlipi chochote. Onyesheni tu mlangoni, na mkisema ni ndugu zangu mtapokelewa vizuri.

Uwe na amani.

Mdogo wako,
Noeli


Nkuhungu
2 Machi 2025

Noeli,

Marahaba. Dawa ya kuchua imefika na Alfonce anaisifu, ingawa nyumba nzima sasa inanuka karafuu. Rose wetu amepata mchumba, kijana wa Nzuguni, fundi umeme. Nitakuandikia siku ya kutoa posa ikijulikana.

Tiketi zako tatu nakurudishia. Usione nimekudharau. Mimi nimezoea kuingia ukumbini kama mtu aliyelipa, nikichukia mchezo nanuna, nikiupenda napiga makofi, na sina deni kwa mtu. Nikiingia kwa jina la ndugu yangu, nitanuna vipi?

Halafu wewe unaongea na dada yako kana kwamba jambo hili ni langu. Ngoja nikueleze. Castory alikuja mwezi uliopita. Unamjua Castory, mtoto wa mzee wa kanisani, ndiye anayekiongoza kikundi cha mchezo. Alitoka Farkwa alfajiri, kama kila mwaka, kuja kuulizia tarehe na kukata tiketi za watu wa kijijini. Wengi wao wana simu za vitochi. Akaambiwa dirisha hakuna. Akauliza tarehe ya mchezo, akaambiwa mchezo hakuna. Mtu mzima, baba wa watoto sita, akaja kukaa sebuleni kwangu na kofia mapajani mpaka chai ikapoa.

Nikamchukua, nikamchukua na Shakila, tukaenda kumwona meneja wa ukumbi, bwana Habibu. Ni mpole, alitupa viti na maji. Tukamuuliza kwa nini. Akasema yeye mwenyewe aliupenda mchezo ule, mkewe alikuwa akilia kila mwaka mahali palepale pa mchezo. Lakini ratiba inatoka Dar. Nikamuuliza inatoka kwa nani huko Dar. Akaniangalia, akaangalia dirisha, akasema, "Mama, hilo mngemuuliza mnayemjua."

Castory akanigeukia. Mimi nikajifanya natafuta miwani kwenye mkoba.

Basi namuuliza ninayemjua. Swali ni lilelile la Januari.

Klara


Tabata
20 Aprili 2025

Dada Klara,

Shikamoo, na Pasaka njema kwenu nyote. Nisamehe kwa kimya. Kazi zimekuwa nyingi, nilikuwa Mwanza, kisha Mbeya nyumbani kwa wakwe, baba yake Bupe alilazwa lakini sasa yuko nyumbani. Hongera kwa Rose. Nitachangia sherehe, usiwe na wasiwasi.

Nina habari njema. Nimepigania nafasi. Kamati imekubali "Mama Aliyerudi" uonyeshwe Jumanne moja ya Agosti, dakika arobaini, kabla mchekeshaji hajapanda jukwaani. Sharti ni moja: uwe wote kwa Kiswahili. Watu wanaolipa wanataka kuelewa kinachosemwa. Si kwamba mtu anaidharau lugha, ni biashara tu. Castory anaweza kuutafsiri, si kazi kubwa.

Ni nafasi nzuri, dada. Nimetumia nguvu nyingi kuipata. Naomba muichukue na jambo hili tulimalize.

Noeli


Nkuhungu
11 Mei 2025

Mdogo wangu Noeli,

Baba yake Bupe tumemwombea jumuiya nzima. Mwambie Bupe nitampigia. Posa ya Rose imepokelewa Jumamosi, vijana wale wamekuja na heshima zao, na Alfonce amecheza ngoma mpaka mgongo ukasahau kwamba ni mgonjwa.

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya Castory na wenzake, maana inawahusu wao. Niliruka tu pale uliposema umetumia nguvu nyingi. Castory akasema kwa upole kabisa kwamba wanashukuru, ila hawaitaki. Hakuna aliyempinga. Nakueleza kwa nini, ingawa unajua.

Jumanne mkulima yuko shambani, na hiyo si sababu kubwa. Sababu kubwa ni mchezo wenyewe. Enzi za vijiji vya ujamaa mtu akihamishwa kwa lori mpaka kijiji kipya na nyumba yake ikabomolewa nyuma yake, kisha akarudi kwa miguu kwenye kisima chake, akahamishwa tena, akarudi tena, mwisho afisa anakuja mwenyewe kumuuliza ana kichaa gani. Anamuuliza kwa Kiswahili. Mama yetu Kiswahili alikijua, alikuwa anauzia asali Kondoa mjini. Lakini siku ile alimjibu kwa Kisandawe. Afisa akamwambia aongee lugha inayoeleweka. Mama akazidi kuongea Kisandawe, pole pole, kama mtu anayemfundisha mtoto, mpaka yule bwana akapanda gari lake akaondoka na hakurudi tena. Mchezo mzima ni hapo, Noeli. Sasa ninyi mnatuambia mama ajibu kwa Kiswahili. Hapo mama anakuwa ametii. Tutakuwa tumemhamisha sisi wenyewe, mara hii akiwa kaburini.

Na usiniambie watu hawaelewi. Mke wa Habibu ni mtu wa Tanga. Analilia nini?

Nimekuuliza swali moja mara mbili na umenijibu mengine mazuri. Sitauliza tena. Jua tu kwamba tumekata tiketi za msimu. Ndiyo, kwa programu yenu ya simu. Shakila alikaa saluni na kila mwenye jamaa mwenye simu ya kisasa akaja, watu wakachanga, wakauza mbuzi na alizeti, na tukanunua kama mnavyotaka, msimu mzima, kila kiti ambacho mashine ilitupa. Tumetawanyika ukumbi mzima. Asante kwa utaratibu huo.

Klara


Tabata
8 Juni 2025

Dada,

Shikamoo. Habibu amenipigia kuniambia kwamba tiketi nyingi za Dodoma zimenunuliwa na watu wa Farkwa na Kwa Mtoro, watu ambao hawajawahi kununua onyesho la mchekeshaji. Wenzangu hapa wamefurahi, wanasema mbinu ya mauzo imefaulu. Mimi sijafurahi, kwa sababu nakujua.

Mnapanga nini? Nakuomba kama mdogo wako. Nina watoto shuleni. Nimefika hapa kwa taabu, na hapa hakuna anayejua wala kujali ninatoka wapi, ndivyo nilivyopenda iwe. Usinitie aibu.

Noeli


Nkuhungu
4 Julai 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako niliipata kabla ya Jumapili ile na sikuijibu. Nilitaka nikujibu nikiwa na jambo la kukueleza, si la kukuficha. Wote ni wazima. Baridi ya mwaka huu ni kali, asubuhi upepo unakata masikio. Sasa sikiliza.

Onyesho la tarehe 29 lilikuwa la mchana, saa tisa. Mchekeshaji wenu alikuja amechelewa, akafanya kazi yake. Nikwambie ukweli, kuna mahali nilicheka. Alituuliza, "Dodoma mpo?" tukajibu tupo. Akamaliza, akaaga, tukampigia makofi ya heshima maana naye ni kijana wa watu. Taa za ukumbi zikawaka, wahudumu wakafungua milango, wakasubiri tutoke.

Hatukutoka.

Mwanzo walidhani ni uzito wa wazee kunyanyuka. Kisha wakaona ni kila mstari. Hata watu wengine ambao hatuwajui, vijana wa chuo na wamama wa mtaa wa Kikuyu, walipoona tumekaa nao wakarudi kukaa, wakitaka kujua kuna nini. Mlinzi akaja kwa Alfonce akamwambia mzee, onyesho limekwisha. Alfonce akamwonyesha tiketi yake. Akamwambia kiti amekilipia mpaka mwezi wa kumi.

Ndipo Castory akasimama, palepale kiti chake kilipo, mstari wa tisa, akaanza ule wimbo wa lori unaofungua mchezo. Akajibiwa na mtu wa mstari wa mwisho, akajibiwa na wa pembeni. Waigizaji wote walikuwa wamekaa kama watazamaji, kila mmoja mahali mashine ilipompa. Hatukupanda jukwaani, Noeli. Jukwaa ni lenu. Tulicheza kwenye njia za kupitia na katikati ya viti, watu wakigeuka huku na huku kumtafuta anayeongea.

Taa zikazimwa. Sijui nani aliamuru. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshasimama. Sikukwambia mwanzoni na sasa nakwambia: mwaka huu nafasi ya mama ni yangu. Yule dada aliyeizoea amejifungua, na Castory aliniomba Februari, siku ile chai ilipopoa. Nikasimama gizani na kanga iliyofungwa kama mtoto mgongoni. Shakila akaenda akasukuma mlango mkubwa wa upande wa magharibi ukafunguka wote, jua likaingia mpaka katikati ya ukumbi. Tukaendelea.

Bwana Habibu alikuja mbio na walinzi wawili. Akasimama mlangoni, akatoa simu. Nilimwona vizuri kwa sababu jua lilikuwa nyuma yake. Akapiga, akaongea, akasikiliza. Nikajua anaongea na nani. Mimi nilikuwa mbele ya afisa, afisa ameshaniuliza nina kichaa gani, na zamu ilikuwa yangu ya kujibu. Moyoni nikasema, sasa mdogo wangu ananitoa humu ndani.

Habibu aliondoa simu sikioni. Hakuizima. Aliishika mkononi, mkono ameunyoosha mbele kama mtu anayepiga picha, akawaambia walinzi wakae. Wakakaa. Naye akabaki vilevile mpaka mwisho, mkono umenyooka, mara moja tu alibadilisha mkono.

Nikajibu. Nilijibu kama mama alivyojibu, pole pole. Ukumbi mzima ulinigeukia, wanaojua lugha na wasiojua. Sikumbuki nilivyomaliza. Nakumbuka Alfonce akinishika kiwiko, na mke wa Habibu, aliyekuja kwa ajili ya mchekeshaji, akinipa leso yake.

Nasikia bodi imekasirika. Nasikia tutafungiwa. Wakifunga, watuandikie barua, kila mtu na jina lake, tuzitundike sebuleni. Mwakani tutarudi na nguo nyingine.

Lakini nataka kujua jambo moja, na hili si swali la Januari, hilo nimeliacha. Ulimwambia nini Habibu?

Dada yako,
Klara


Tabata
27 Julai 2025

Dada Klara,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi, basi nianze na wazima: sote tu wazima. Baba yake Bupe anatembea. Kwenye sherehe ya Rose tutakuja wote, na watoto, tutakaa wiki nzima. Nimeshaomba ruhusa.

Bodi iliniita siku ya pili yake. Walinitaka niandike barua ya kuwafungia wote waliobaki ukumbini, tiketi zao zifutwe. Niliwaambia sitaiandika. Wakaniuliza kwa nini, nikawaambia watu wale hawakuvunja kitu, hawakumtukana mtu, walikaa kwenye viti walivyolipia kwa utaratibu ambao sisi wenyewe tuliutunga. Mkurugenzi akauliza kama nina maslahi binafsi. Nikasema ninayo. Nikasema aliyesimama katikati ni dada yangu, na anayeigizwa ni mama yangu, na mimi ni Msandawe wa Farkwa. Nimefanya kazi pale miaka mingi na ilikuwa mara ya kwanza kulitamka hilo ndani ya chumba kile. Hakuna dari iliyoanguka.

Barua haijaandikwa, na hajajitokeza mtu mwingine wa kuiandika. Dirisha litafunguliwa Septemba, kwa sababu baada ya ile Jumapili wale vijana wa chuo na wamama wa Kikuyu nao wamelalamika kwa maandishi, na bodi inaogopa kelele za mjini kuliko za kijijini. Tiketi ya mchezo mmoja mmoja itauzwa. Viti vya mbele bado wanabishana. Ratiba ya mwakani nimewapelekea mimi, na "Mama Aliyerudi" ni wa kwanza kwenye orodha, Jumamosi ya kwanza baada ya mavuno, kwa lugha zake zote mbili, urefu wake wote. Hawajaikubali. Wanaweza kunitoa kwenye kamati kabla ya kuikubali. Wakinitoa, nitakata tiketi kama wengine.

Sasa swali lako. Habibu alipiga tukiwa mezani, Jumapili hiyo, Bupe akimenya machungwa. Akaniuliza afanye nini, awatoe kwa nguvu au aite polisi. Nyuma ya sauti yake nilimsikia mtu anaimba ule wimbo wa lori. Nikamwambia anyooshe simu, nisikie.

Niliiweka mezani, sauti juu. Watoto wakasogea wenyewe. Nilimsikia afisa akiuliza, kisha nikakusikia wewe, na kwa muda sikujua kama ni wewe au ni mama. Bupe hajawahi kunisikia nikisema hata neno moja la lugha ile, tangu tumeoana. Akaniuliza huyo mwanamke anajibu nini. Nikamwambia, "Anasema, niulize kwa lugha ya mtoto huyu niliyembeba, nami nitakujibu."

Bupe akaacha kumenya. Akauliza, "Mtoto gani?"

Nikamwambia ni mimi.

Mdogo wako,
Noeli